Lugha ya Kidole: Mabango ya Kuandikisha Askari na Neno Kariakoo

Mkusanyaji wa kumbukumbu za Vita Vikuu vya Kwanza hupima bango la kuandikisha askari kwa uchache wake, jina la mchoraji na hali ya karatasi. Maneno yaliyochapwa juu yake aghalabu huhesabiwa kuwa pambo. Mwanafunzi wa lugha hana budi kuliangalia kwa jicho jingine, kwa maana kabla halijawa kitu cha mnadani, bango lilikuwa usemi, tena usemi uliomlenga mtu.

Mchoro wa Alfred Leete ulitokea kwanza kwenye jalada la gazeti la London Opinion mnamo Septemba 1914. Lord Kitchener, Waziri wa Vita wa Uingereza, anamkazia macho mtazamaji na kumnyoshea kidole. Neno kuu hapo ni kiwakilishi cha nafsi ya pili, ambacho katika Kiingereza hakibainishi kama anayesemeshwa ni mmoja au ni wengi. Nguvu ya bango imo katika utata huo: maandishi yanaliita taifa zima, na kidole kinamchagua mpita njia mmoja. Mfasiri wa Kiswahili asingeweza kuukwepa uamuzi. Angeandika ama "anakutaka" ama "anawataka", na vyovyote vile nusu ya hila ingepotea. James Montgomery Flagg alipouiga mkao huo Marekani mwaka 1917, alirithi hila pamoja na kidole.

Bango la Savile Lumley la mwaka 1915 ni la ustadi zaidi, na pengine la ukatili zaidi. Baba ameketi kitini, binti yu mapajani pake, mvulana anachezea askari wa sanamu sakafuni. Baba anaulizwa na mwanawe alifanya nini vitani. Vita vilikuwa havijaisha, lakini kitenzi cha swali kimo katika wakati uliopita. Msomaji anapelekwa siku zijazo ili aone haya leo. Hamna amri hata moja. Amri ingekuwa nyepesi kuliko swali hilo.

Serikali yenye nguvu kiasi hicho ilihitajia nini hila za sarufi? Hadi Januari 1916 Uingereza haikuwa na sheria ya kuwalazimisha wanaume kuingia katika vita hivyo. Kila bango la kabla ya hapo, basi, ni ushahidi kwamba aliyesemeshwa aliweza kukataa. Imperial War Museum, iliyoasisiwa mwaka 1917 hali vita vikiendelea, pamoja na wakusanyaji binafsi, wameuhifadhi ushahidi huo vizuri. Lakini anayedhani kwamba mkusanyo kama huo ni sura ya vita vyote anakosea, maana unawakumbuka walioombwa tu.

Wapagazi wa Afrika Mashariki ya Kiingereza hawakubembelezwa kwa mchoro. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watwaliwe kwa nguvu. Machifu walidaiwa watu, na watu wakapatikana. Kwa hesabu rasmi yenyewe, waliokufa walizidi 40,000. Walichoachiwa wasomi wa lugha si karatasi, bali ni neno. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilizaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. La kwanza lilifuata sikio, likairefusha irabu ya mwisho kama Mwingereza alivyotamka. La pili limeishika "r" ya maandishi. Ni ajabu kwamba kumbukumbu hii haimo katika orodha yoyote ya mnada.

Sanamu za askari na mpagazi zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 zina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanageukia nafsi ya pili, yakiahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa hapo.