Breaking Away, na Sisi Tunaosoma

Kwenye filamu ya Breaking Away kuna kipande kifupi ambacho kila mwendesha baiskeli niliyekaa naye kuitazama hukirudisha nyuma akione tena. Dave Stoller, kijana wa miaka 19 wa mji wa Bloomington, jimbo la Indiana, yuko peke yake barabara kuu na anaingia nyuma ya semi-trela. Dereva anamwona kwenye kioo. Anatoa mkono dirishani na kumwonesha kwa vidole mwendo wanaokwenda, maili 40, 50, mwisho 60 kwa saa. Muziki ni wa Mendelssohn, ile simfonia yake ya Kiitalia. Dave anatabasamu kama mtu aliyelipwa deni alilokwisha kulisahau.

Maili 60 ni karibu kilomita 97, na jambo lenyewe linawezekana, kwa sababu kwenye tambarare adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa. Ukipata kitu kikubwa cha kukukatia upepo, nguvu ile ile ya miguu inakupeleka mbali zaidi. Mwenye jicho la fundi ataona kwamba cheni ya Dave iko kwenye gia ndogo ya mbele, na kwa mwendo ule miguu yake ingebidi izunguke kama feni. Tulilicheka hilo usiku kucha hosteli, watu wanne juu ya kitanda kimoja na laptopu moja. Asubuhi yake nikaenda kujaribu mwenyewe nyuma ya Coaster iliyokuwa inatoka Mwenge kwenda Tegeta. Nilichopata ni moshi, na shimo ambalo sikuliona mpaka lilipokuwa chini ya tairi langu. Rimu ilipinda. Fundi alininyooshea, spoki moja baada ya nyingine, bila kuniuliza ilikuwaje, na bumu lilikuwa bado halijaingia.

Nasema haya nionekane mjinga mapema, kwa sababu ujinga wangu unahusika na hoja. Filamu hii ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Mwingereza Peter Yates na kuandikwa na Steve Tesich, ina ustadi mkubwa wa kumfanya kila anayeitazama aondoke akiamini kwamba yeye ni Dave. Nimeitazama mara tano. Kuanzia ya tatu nimeanza kushuku kwamba mimi si Dave hata kidogo.

Kwa ambaye hajaiona: Dave na wenzake watatu, Mike, Cyril na Moocher, wamemaliza sekondari na hawana pa kwenda. Baba zao walikuwa wakata mawe. Indiana ina chokaa gumu zuri la kujengea, ndilo lililovalishwa hata Empire State Building kule New York. Machimbo yamebaki mashimo yaliyojaa maji, na vijana hawa wanakwenda kuogelea humo. Mji wenyewe umegeuka kuwa wa chuo kikuu, na wanafunzi wanawaita watoto wa mji “Cutters”, wakata mawe, kwa dharau. Dave amejificha ndani ya baiskeli. Anawapenda Waitaliano kwa kuwa ndio mabingwa, basi anazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kiitalia, ananyoa miguu, anamwita paka wa nyumbani Fellini. Anampenda msichana wa chuo, Katherine, na anamdanganya kwamba yeye ni mwanafunzi kutoka Italia. Kisha Waitaliano wa kweli wanakuja kushindana, anawafikia, anawasemesha lugha yao kwa furaha, na mmoja wao anachomeka pampu kwenye gurudumu lake. Dave anaanguka mtaroni. Sijui kipande kingine cha filamu kinachoonesha vizuri hivyo mtu akipoteza dini.

Mwishoni chuo kinaruhusu timu moja ya watoto wa mji iingie kwenye Little 500, mashindano ya baiskeli ya wanafunzi, na nadhani hata asiyeiona anaweza kukisia nani anashinda.

Little 500 ni kitu cha kweli. Yalianza 1951 katika Chuo Kikuu cha Indiana, yakiwa na lengo la kuchangisha fedha za kuwasaidia wanafunzi wanaofanya kazi huku wanasoma. Timu ya watu wanne inazunguka uwanja mara 200, jumla maili 50, kwa kupokezana baiskeli. Baiskeli zenyewe hazina gia za kubadilisha, na breki yake ni kukanyaga pedali kinyumenyume, kama zile alizotumia babu yangu. Mmoja anaruka kutoka kwenye baiskeli ikiwa bado inatembea, mwingine anairukia. Mtu aliyezoea kuendesha peke yake alfajiri, kama mimi, anaona wivu. Mchezo wetu huku ni wa upweke. Unaamka saa kumi na nusu kabla mwenzako chumbani hajajigeuza, unaitoa baiskeli uvunguni kwa kuinyanyua ili cheni isilie, unamsalimia mlinzi getini, na saa mbili kasoro umerudi unatafuta maji ya kuoga kabla ya kipindi. Halafu unasinzia darasani, na mhadhiri anadhani ulikuwa disko.

Sasa, jambo ambalo filamu haikuambii. Steve Tesich alizaliwa Yugoslavia, akahamia Marekani akiwa kijana, akasoma Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 1962 alikuwa mwendeshaji wa akiba katika timu ya Phi Kappa Psi, na mwenzake kwenye timu hiyo, Dave Blase, aliendesha mizunguko 139 kati ya 200. Timu ilishinda. Blase ndiye aliyekuwa akipenda mambo ya Kiitalia, na Dave wa kwenye filamu ametokana naye. Lakini Phi Kappa Psi si timu ya watoto wa machimbo. Ni moja ya vile vyama vya wanafunzi wa kiume vyenye nyumba zao, yaani wale wale ambao filamu imewavalisha sweta nzuri na kuwafanya maadui.

Kwa maneno mengine, mshindi wa kweli alikuwa mwanafunzi. Tesich aliuchukua ushindi wa wenzake akawapa watoto wa fundi mawe. Silaumu. Mwandishi ana haki hiyo, na zawadi yenyewe ni nzuri kuliko ukweli. Oscar ya skripti asilia aliyoipata ilikuwa halali yake. Ila fikiria kinachotokea kwa mtazamaji. Mwanafunzi wa chuo anakaa kwenye kiti, anapewa wanafunzi wenzake wa kuwachukia, anamshangilia mtoto wa mkata mawe kwa masaa mawili kasoro, anatoka nje akiwa msafi. Wala haiishii kwenye kiti. Tangu 1984 kuna timu ya Little 500 inayoitwa Cutters. Imeshinda mara nyingi. Ni ya wanafunzi, kwa kuwa mashindano ni ya wanafunzi. Hata jina lile, lililotungwa kwa ajili ya filamu ili liwe tusi, sasa linavaliwa mgongoni na upande uliokuwa ukitukana.

Nisingeliona hili peke yangu. Barabara ya Bagamoyo alfajiri ina watu wa aina mbili juu ya baiskeli. Sisi, wenye kaptula za kubana na taa nyekundu zinazowaka na kuzima. Na wao, wabeba mkaa wanaoingia mjini na magunia mawili matatu yamefungwa kwa mipira juu ya kerea, wakisukuma kwa miguu mlima ukiwa mkali. Siku moja nilimkuta mmoja amepata pancha kabla ya Bunju. Nikasimama, maana nina vibandiko na pampu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unapeleka nini huko?”

Nikamwambia sipeleki kitu, nafanya mazoezi. Akaiangalia baiskeli yangu, ya mtumba kutoka Japani, nyepesi, isiyo na kerea. Akaniuliza sasa nikipata mzigo nitauweka wapi. Hakuwa ananikejeli, alikuwa anauliza kama fundi anavyouliza. Pampu yangu, ambayo nilikuwa nimeitoa kwa mbwembwe, haikuingia kwenye valvu ya tairi lake. Mwenzake alikuja na ya kwake, wakajaza, wakaondoka, na mimi nikabaki na vibandiko mkononi.

Katika filamu, mtu huyu angekuwa nani? Nimemtafuta. Nadhani ni Ray, baba yake Dave, aliyechezwa na Paul Dooley, na ndiye sababu ya mimi kuendelea kuirudia filamu hii hata baada ya kuacha kuiamini. Ray alikata mawe ujanani, sasa anauza magari yaliyotumika kwa wanafunzi, na anawapunja. Anachekesha: anachukia vyakula vya Kiitalia, anachukia opera, anataka mwanawe atafute kazi achoke kama yeye alivyochoka. Siku wanafunzi wanamrudishia gari bovu wakidai hela yao, anapigwa na mshtuko na kuanguka. Unacheka, halafu unashtuka kwamba umecheka.

Baadaye, usiku, anatembea na mwanawe kati ya majengo ya chuo. Anamweleza kwamba yeye ndiye aliyeyakata yale mawe, na alijivunia kazi yake, lakini majengo yalipomalizika akahisi kama ni mazuri mno kwa watu wa aina yake. Dave, kwa kumpenda, anamjibu kwamba anajivunia kuwa mkata mawe. Ray anamkatalia. Wewe si mkata mawe, anamwambia kwa namna yake. Mkata mawe ni mimi.

Hapo ndipo filamu inakuwa kubwa kuliko hadithi yake. Kwa sentensi moja ya mzee, jezi yote ya “sisi wanyonge” inavuliwa kutoka mgongoni mwa kijana. Hajawahi kushika patasi. Umaskini anaoutetea ni wa baba yake, na baba anaudai urudi kwa mwenyewe.

Baba yangu hajawahi kuiona filamu hii, lakini aliwahi kuniambia kitu cha jamii hiyo. Kwetu ni Shinyanga, mji wa baiskeli, ambako hata leo baiskeli inakubeba kwa nauli na watu wanaiita daladala. Babu alisomesha watoto kwa kubeba maziwa. Baba alipopata ajira, kitu cha kwanza alichofanya ni kuuza baiskeli. Nilipompigia simu kumweleza nimejibana miezi nikanunua yangu, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Tumekupeleka chuo kikuu ukairudie baiskeli?” Nilimweleza habari za mapafu na moyo. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni.

Ndiyo maana mwisho wa Breaking Away unanisumbua. Baada ya tukio lile la usiku, filamu ilikuwa na swali gumu mkononi: Dave afanye nini na maisha ambayo si ya baba yake na si ya wale wenye sweta? Inajibu kwa kumwandikisha chuo. Anaonekana yuko kampasi, amekutana na msichana Mfaransa, na anampigia baba yake kelele za salamu kwa Kifaransa. Na Ray anapita juu ya baiskeli. Kila mtu anacheka, nami hucheka, kwani imechezwa vizuri. Lakini jibu ni la mtu mmoja. Chuo ambacho dakika 90 kilikuwa ukuta, kimefunguka kwa mwenye kipaji.

Anayesahauliwa ni Mike. Dennis Quaid anamcheza kwa hasira ambayo wenzake hawana. Alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani shuleni. Kuna mahali wamekaa ndani ya gari wanawatazama wachezaji wa chuo wakifanya mazoezi, na Mike anawaambia wenzake kwamba kila mwaka pale atakuja nyota mpya, kijana, gazetini watamwandika, na hatakuwa yeye. Yeye atazeeka, wale watabaki na umri ule ule. Hakuna anayemjibu. Filamu nayo haimjibu. Inampa kombe alinyanyue mara moja, kisha inageuza kamera kwenda kwa Dave na vitabu vyake.

Nikiitazama sasa, ile ya semi-trela nairuka. Huanzia kwenye gari hilo lililosimama pembeni ya uwanja, Mike nyuma ya usukani.