Sumukuvu Haina Vinasaba

Miongoni mwa istilahi zilizoundwa vyema katika miaka ya karibuni ni sumukuvu. Neno lenyewe lataja madhara na chanzo chake, na hata mkulima asiyepata kusikia aflatoksini hulielewa papo hapo. Ndiyo sababu twasikitika kuliona likiambatishwa na maneno yasiyolistahili. Katika tafsiri kadhaa za maelezo ya maabara tumekuta "kipimo cha vinasaba vya sumukuvu". Sumu haina vinasaba. Yenye vinasaba ni kuvu, Aspergillus flavus na jamaa zake. Sumu ni kemikali itolewayo na kuvu hiyo.

Kosa hili si la sarufi tu. Kuvu yaweza kuwamo katika mahindi pasipo kutoa sumu, nayo sumu yaweza kubaki baada ya kuvu kufa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi huhesabu sumu yenyewe: jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Afisa atakayeruhusu shehena kwa kuwa vinasaba havikuonekana atakuwa amejibiwa swali jingine kabisa. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua tena, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tatizo la pili ni "hakuna bakteria". Maabara huandika kwamba Salmonella haikugunduliwa katika gramu 25. Mfasiri anayefuta gramu hizo ameipa maabara ahadi isiyoitoa. Na kinyume chake: vinasaba vya bakteria waliokufa hubaki katika maziwa yaliyochemshwa, hivyo "vinasaba vimeonekana" si sawa na "bakteria wamo hai". Kwa sababu hiyo maabara nyingi huwaotesha bakteria kwanza katika mchuzi wa virutubishi, ndipo zipime.

Njia yenyewe, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 huko California, wengine huiita "mmenyuko wa mnyororo wa polimerasi". Ni tafsiri ya neno kwa neno, na karani wa ghala atafikiri habari ya pingu! Kinachotendeka ni kunakili: kila mzunguko nakala huongezeka maradufu, na baada ya mizunguko 30 nakala moja yaweza kuzaa zaidi ya bilioni. Twapendekeza "urudufishaji wa vinasaba", na polimerasi ibakie jina la kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Wenye neno fupi zaidi watuandikie kabla orodha haijapelekwa kusanifishwa.