Je, tamthilia ya ‘Maria’ ilistahili muda wetu?

“Prof, nianze kuitazama ama niachane nayo?” Swali hili nimeulizwa na wanafunzi, na majirani, na hata wasomaji wa safu hii, na kila mara linahusu tamthilia moja au nyingine isiyoisha. Wenzangu wengi katika idara za fasihi hulipuuza. Mimi siwezi, kwa sababu ya hesabu.

Tamthilia inayopeperushwa nusu saa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, inakula saa mbili na nusu kwa wiki. Kwa mwaka mzima ni saa 130. Riwaya ya kurasa 200 humchukua msomaji wa kawaida kama saa sita au saba. Basi mtu aliyefuata tamthilia moja kwa mwaka amelipa bei ya riwaya 20 hivi. Huu si muda wa kuchezea, hasa kwa nyumba yenye mtahiniwa wa KCSE.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. ‘Tamthilia’ (wengine huandika ‘tamthiliya’) limetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kufananisha na kuigiza. Kitabu cha mchezo wa kuigiza ni tamthilia, na huu mfululizo wa runingani nao tunauita tamthilia. Neno moja, viumbe viwili. Timothy Arege alipoandika ‘Bembea ya Maisha’ alijua pazia litafungwa lini, na kila tukio linalielekea pazia hilo. Mwandishi wa mfululizo wa runinga hajui. Wenye matangazo ya biashara wakiendelea kulipa, hadithi itaendelea, wakihama, itakatwa. Ndiyo maana Wamarekani waliipa aina hii jina la sabuni, kwa kuwa kampuni za sabuni ndizo zilizodhamini michezo ya redio ya miaka ya 1930. Mmoja wa michezo hiyo, ‘Guiding Light’, ulianza redioni 1937, ukahamia runingani 1952, na haukukoma hadi 2009. Miaka 72! Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa, kupata wajukuu na kuzikwa bila kujua mwisho wake.

Hata hivyo urefu peke yake si hatia. Alfu Lela U Lela imejengwa juu ya mwanamke anayeahirisha kifo chake kwa kukataa kumaliza hadithi. Charles Dickens naye aliwauzia Waingereza riwaya zake kipande kwa kipande. Wenzangu wanaodharau mfululizo kwa kuwa ni mfululizo wangepaswa kumdharau Dickens pia, na sijamwona aliyethubutu. Cha kuulizwa ni kama urefu huo unafanya kazi ambayo ufupi haungeifanya.

Nachukua ‘Maria’ kwa sababu ilikwisha, na kazi iliyokwisha hupimika. Ilitayarishwa na Jiffy Pictures, kampuni ya wanahabari Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ikapeperushwa na Citizen TV kuanzia 2019 hadi 2021. Maria, aliyeigizwa na Yasmin Said, ni msichana wa mtaa wa mabanda anayeingizwa katika jumba la tajiri William Hausa na kupendana na Luwi, mwana wa jumba hilo aliyekuwa na mchumba tayari. Hadithi kongwe hiyo. Kila jamii ina binti maskini wa namna hii. Tusisahau pia kwamba tarehe 27 Machi 2020 serikali iliamuru watu wawe majumbani ifikapo saa moja usiku, na ‘Maria’ ilikuwa ikianza saa moja unusu. Shule zimefungwa, baa zimefungwa, baba yuko sebuleni. Sehemu ya umaarufu wake ilitokana na hali hiyo, ingawa waliokaa ndani walikuwa na vipindi vingine vya kuchagua, na wengi walichagua hiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae chini kuitazama: lugha.

Kwa miaka mingi Kiswahili kwenye skrini ya Kenya kilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuchekesha. ‘Vitimbi’ na ‘Vioja Mahakamani’, michezo ninayoienzi sana, ilivuna kicheko kutokana na lafudhi: Mluhya huyu anasema hivi, Mjaluo yule anasema vile, hakimu anashika kichwa. Ya pili ni kuwahudumia wenye Kiingereza. Mlinzi langoni na mfanyakazi jikoni walisema Kiswahili. Bosi, mkewe, daktari na wakili wakasema Kiingereza. Mtoto aliyekua akitazama michezo hiyo alifundishwa bila mwalimu kwamba Kiswahili ni lugha ya kuomba ruhusa ama ya kuchekwa. Zipo tofauti, ‘Tausi’ ya miaka ya 1990 ikiwa mojawapo, lakini mkondo mkuu ulikuwa huo.

Katika ‘Maria’ tajiri anatongoza kwa Kiswahili. Anapanga biashara kwa Kiswahili, anatishia, anadanganya, anaomba msamaha, analia. Mama mwenye gari kubwa anamtukana msichana wa mabanda kwa Kiswahili, na msichana anamjibu kwa Sheng. Tofauti ya matabaka ambayo zamani ilionyeshwa kwa Kiingereza dhidi ya Kiswahili, hapa inaonyeshwa ndani ya Kiswahili chenyewe, kati ya rejista na rejista. Kwa mtu anayefundisha isimujamii hilo si jambo dogo. Makongamano tumefanya mengi kuhusu hadhi ya Kiswahili, lakini sidhani kama lipo lililowafikia watu wengi kwa jioni moja kama jumba la Hausa.

Sheng yenyewe ya Maria ina walakini. Mwanzoni ina makali, baadaye unaona imefuliwa na kupigwa pasi ili shangazi wa mashambani asipotee njia. Hilo ninaweza kulisamehe. Nisichosamehe ni uvivu wa kisarufi katika vinywa vya wale wanaopaswa kusema Kiswahili sanifu. Tatizo hili limeenea katika tamthilia zetu za runinga kwa jumla. Kila mpenzi humwambia mwenzake ‘wewe ndio’ badala ya ‘wewe ndiwe’, kila hasimu anaitwa ‘yeye ndio’ badala ya ‘yeye ndiye’, na ‘mwisho wa siku’ hutumiwa asubuhi, mchana na usiku kwa maana ya ‘hatimaye’. Kwani ni gharama gani kumwajiri mhariri mmoja wa lugha?

Kipimo changu cha pili ni matokeo. Mhusika akitenda jambo leo, je, litamrudia? Hapa sharti nimkumbuke Mkwaju. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kupeperusha ‘Twende na Wakati’, mchezo mrefu wa redio kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani. Mkewe, Tunu, alivumilia, kisha akachoka, kisha akaondoka na kujitegemea. Mkwaju akaugua Ukimwi, akafa. Watafiti waliutumia mkoa wa Dodoma kama kigezo cha kulinganishia, kwa kuwa haukupokea matangazo hayo hadi 1995, na wakakuta kwamba mahali mchezo uliposikika, watu wengi zaidi walijitokeza kutafuta huduma za upangaji uzazi. Kenya tulikuwa tumetangulia na mchezo wa redio ‘Ushikwapo Shikamana’ mwaka 1987. Ninachotaka kionekane ni kwamba kifo cha Mkwaju kilihitaji urefu. Mgonjwa yule lazima adhoofike taratibu, msikilizaji akihesabu miezi pamoja naye. Tamthilia ya saa mbili jukwaani isingeweza.

‘Maria’ haikuutumia urefu wake namna hiyo. Sehemu za mwanzo zina mwendo mzuri: msichana anaingia jumba geni, kila mlango ni mtihani, kila mtu anabadilika kidogo kwa sababu yeye amefika. Kisha katikati hadithi inaanza kuzunguka kama ng’ombe wa kinu. Siri ambayo watazamaji wote wanaijua inafichwa mhusika mmoja wiki baada ya wiki. Mtu anakaribia kuisema, mlango unagongwa. Mwovu anatubu, anasamehewa, anarudia uovu uleule, na jumba zima linashangaa upya kana kwamba halimjui. Linganisha na Yona katika ‘Bembea ya Maisha’, mume aliyekuwa mlevi na katili, anayekuja kujifunza kumhudumia mkewe mgonjwa. Kitabu hicho chembamba kina mabadiliko ya nafsi ambayo ‘Maria’ iliyakimbia kwa miezi.

Ipo njia rahisi ya kupima, na haihitaji shahada. Acha kutazama kwa wiki mbili. Ukirudi na ukajikuta umepotea, hujui nani amehamia wapi na kwa nini fulani hasemi na fulani, basi tamthilia hiyo inatumia muda wako vizuri. Rudi uyatafute yaliyokupita. Ukirudi na ukaelewa kila kitu kabla ya tangazo la kwanza, zile saa tano hukuzihitaji. Nilifanya hivyo na ‘Maria’ mara mbili. Mara ya kwanza, mapema, nilipotea kabisa, na mke wangu akanieleza kwa furaha isiyo na kifani. Mara ya pili, hadithi ikiwa imekwenda mbali, nilielewa kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo anayeniuliza leo, nasema atazame ‘Maria’ kwa wiki sita za mwanzo, asikilize jinsi kila tabaka linavyokitumia Kiswahili, kisha aruke hadi wiki mbili za mwisho. Mwalimu wa shule ya upili achukue onyesho moja la malumbano jumbani, kama dakika tano hivi, akalipeleke darasani siku anayofundisha rejista, na aichukue ‘ndio’ kama zoezi la masahihisho. Mtahiniwa mwenye Arege mezani asianze kabisa hadi Desemba.