Mkasi wa Manundu
Christian Dior alipofariki Oktoba 1957, nyumba yake ya mitindo ya Paris ilikabidhiwa kwa kijana wa miaka 21, Yves Saint Laurent. Wakafuata akina Marc Bohan, Gianfranco Ferré, John Galliano, Raf Simons na Maria Grazia Chiuri, hadi 2025 usukani ulipoangukia kwa Jonathan Anderson. Mbunifu huja, akaondoka. Jina la mlangoni ni lilelile. Wanaokata na kushona, wengi wao wanawake waliozeekea kwenye sindano, hawatajwi.

Mafundi cherehani wa Manundu, Korogwe, na wenzao wa Chanika, Handeni, hawana mgawanyo huo. Kwenye baraza la duka la vitambaa, anayebuni, anayekata na anayekanyaga pedeli ni mtu mmoja. Mteja naye ana sauti. Anafika na kitenge kwapani na mshono kwenye simu, umevaliwa na binti mwembamba wa Dar es Salaam, ilhali yeye ni mama wa watoto wanne. Fundi hacheki. Anavuta futi kamba shingoni, anapima mabega, kifua, kiuno na nyonga, anaandika kwenye daftari lililochakaa pembe, kisha anauliza: “Utaivaa wapi, shangazi?” Ya harusini haikatwi kama ya msibani, na ile picha ya kwenye simu inaanza kubadilika hapohapo, kimyakimya, bila mtu kuaibishwa.

Ila ukitaka kumjua fundi, mpe kanga. Kanga ina pindo pande zote, mji katikati, na jina lake, yaani maneno, kwa chini. Ilikusudiwa kuvaliwa ilivyo. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ile ya “Mali ya Abdulla”, ilianza biashara 1887, na kanga ya leo ina mpangilio huo. Anayetaka gauni la kanga anamwomba fundi aingilie kazi iliyokwisha kamilika. Basi fundi anaitandaza doti, anaigeuza, anaikunja, anaifunua tena. Pindo lishuke chini ya sketi au lipande kifuani? Ua la mji likae katikati ya mgongo, na zipu je, ipite wapi? Na maneno? Nimewahi kuona gauni ambalo methali yake ilikatikia kwapani, kilichobaki kikasomeka kama tusi. Nimeona na jingine, maneno yote yameizunguka sketi bila kupoteza herufi, na mwenyewe akitembea taratibu ili watu wamalize kusoma.

Alama ya chaki hufutika kwa kiganja. Mkasi ukishapita, hakuna kurudi, na kitambaa chenyewe si cha fundi; pengine ni fedha ya magunia ya mahindi. Kwa hiyo kabla ya kukata hunyamaza kidogo, hata kama alikuwa katikati ya mazungumzo ya mpira.

Wana kasoro yao, inajulikana: “njoo kesho”. Wiki ya Idi kesho hiyo huzaa kesho nyingine, na siwatetei. Gulioni nako mitumba inawabana, maana gauni lililokwisha shonwa huko linaweza kuwa rahisi kuliko ujira wa kushona jipya. Dar es Salaam kuna Swahili Fashion Week, aliyoianzisha Mustafa Hassanali mwaka 2008, na wabunifu wanaopanda jukwaa lake wanastahili makofi. Fundi wa Chanika hayamfikii. Nguo yake inatoka nje ikisifiwa kwa jina la aliyeivaa.

Sasa ombi langu, msomaji. Gauni likikukaa vizuri, mwambie fundi atie jina lake ndani ya shingo, kwa uzi, kama wafanyavyo Paris. Na siku ya kulipa usihesabu saa alizokaa kwenye cherehani tu. Lipia na ule mkato.