Kivuli na Mizani Yake: Picha za Seydou Keïta

Mshairi hodari haupimi ubeti kwa vina na mizani peke yake. Huyapima pia yale aliyoyanyamazia. Katika picha ya uso wa mtu, kimya hicho ni kivuli. Na katika Afrika yetu, Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, ni miongoni mwa waliokimudu vyema.

Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akawa akipiga picha uani, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe, yenye matamvua. Kwa kawaida kila mteja alipigwa picha moja tu. Hapakuwa na nafasi ya kurudia.

Ugumu wa kazi hii ni upi? Ngozi nyeupe huchongwa na kivuli. Ngozi nyeusi huchongwa zaidi na mng'ao, yaani ule mwanga unaogonga paji la uso na shavu ukamrudia mpiga picha. Mwanga mkali wa upande mmoja huugeuza mng'ao huo ukawa madoa meupe, na upande wa pili ukazama gizani. Lakini mwanga uliokwisha kugonga ukuta au kitambaa cheupe hufika usoni ukiwa mpana na mpole. Kisogeze kitambaa hicho, kivuli kitalegea; weka cheusi mahali pake, kivuli kitakaza. Keïta alikipenda kivuli ambacho jicho bado linaona ndani yake.

Nakala alizowapa wateja wake zilikuwa ndogo, za sentimita 13 kwa 18, za kushikwa mkononi. Katika miaka ya 1990, picha hizo zilichapwa upya kwa ajili ya kumbi za Ulaya na Marekani, zikawa kubwa za kutundikwa ukutani, na weusi na weupe wake ukakazwa. Keïta, aliyefariki mwaka 2001, alifurahi kuziona, na hadhi zilizompa alistahiki kuipata. Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Kuchapa picha ni kufasiri, na hapa asili ilinong'ona, tafsiri ikanadi. Shavu likiwa jeusi kama wino, na mikunjo ya vazi jeupe ikifutika, zimepotea rangi za kati zilizobeba upole wa yule aliyeketi.

Atakayezichapa tena, na aishike kwanza ile nakala ndogo mkononi, aitazame kwa utuvu.