Jua la Utosini na Ufundi wa Kuhariri

Serengeti iko takribani nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na jua lake la saa sita mchana halina upole na kamera. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, linapita utosini hasa, hata kivuli cha pundamilia kinajikusanya chote chini ya tumbo lake. Mistari myeupe inawaka mpaka nywele hazionekani, myeusi inazama, na macho yanafunikwa na kivuli cha paji. Picha za namna hiyo ndizo zinazofutwa mwanzo, pengine hata kabla ya kuhamishiwa kwenye kompyuta. Ninazitetea, na ninawasifu zaidi wanaojua kuzihariri. Kazi yao, ikifanywa kwa elimu na kwa kiasi, humrudishia mnyama kile alichopokonywa na kamera, na bado saa sita ikabaki saa sita.

Atakayepinga kwanza ni yule anayeuliza kwa nini mpigapicha asisubiri jioni, jua lilainike. Ushauri huo ni mzuri, lakini wanyama hawana habari nao. Duma huwinda zaidi mchana kwa kuwa simba na fisi, wanaompora windo na kuua watoto wake, hutembea zaidi usiku. Nyumbu wakifika ukingoni mwa Mto Mara huvuka pale kundi linapopata msukumo, na mara nyingi jua limekwisha kupanda. Kule Amboseli, tembo hutoka penye vumbi la magadi kwenda kwenye vinamasi vinavyolishwa na maji yapitayo chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, na humo hushinda wakati wa joto. Anayehifadhi picha za mawio na machweo peke yake anawaonyesha watu mbuga isiyo na mchana. Wengi ambao hawajapata kufika hifadhini wameijua savana kwa rangi ya dhahabu tu, na hapo kinachopungua ni elimu kabla ya urembo.

Ufundi wenyewe unaanzia kwenye faili ghafi. Kamera nyingi za kazi hii hurekodi kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. Ngazi hizo hazikugawanywa sawasawa. Kila mwanga unapopungua nusu, idadi ya ngazi nayo hupungua nusu, hivyo karibu nusu nzima ya kumbukumbu ya kamera imo katika sehemu zile zing'aazo zaidi. Maana yake ni kwamba mstari mweupe wa pundamilia unaoonekana umeungua huenda una habari tele, ilimradi mwanga haukufurika kwenye kihisi. Ukifurika, basi. Fundi cherehani anaweza kupunguza kitambaa kilichopo, lakini kilichokwisha kukatwa na kutupwa hakishoneki tena. Kwa hiyo mhariri mzuri huanza na upande wa nuru: anaushusha taratibu mpaka nywele zirudi shavuni na unyoya urudi shingoni. Ndipo anapogusa giza, na huligusa kidogo, kwa sababu huko ngazi ni chache, na ukiliinua sana hutoka chengachenga za rangi ambazo hazikuwa mwilini mwa mnyama.

Kisha inakuja rangi, na hapa ndipo elimu ya mbuga inapopambanuka na ujuzi wa kompyuta. Simba aliyelala chini ya mgunga mchana haangaziwi na jua. Anaangaziwa na anga, na mgongo wake hugeuka kuwa na ubuluu. Swala aliyesimama kwenye nyasi kavu ana tumbo lenye umanjano, kwa kuwa nuru inayolifikia imeruka kutoka ardhini. Vyote viwili ni vivuli, lakini dawa yake si moja. Anayeweka marekebisho mamoja juu ya picha nzima atamponya simba na kumharibu swala. Na ule mtetemo wa hewa ya moto unaopinda nuru kabla haijafika kwenye lenzi hauna dawa kabisa. Ukijaribu kuunoa, unazidi kuonekana. Kuiacha picha ya namna hiyo nako ni sehemu ya ufundi.

Faida yake haiishii ukutani. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa na watafiti tangu 1966, na mmojammoja hutambuliwa, pamoja na alama nyingine, kwa mpangilio wa madoa yanayootea masharubu. Madoa hayo yako kwenye ngozi ya rangi hafifu kando ya mdomo, mahali ambapo jua la mchana hupafuta mapema. Duma wa huko, wanaofuatiliwa tangu 1974, hutambuliwa kwa madoa ya mwili. Mhariri anayeshusha nuru ya shavu bila kugusa umbo la doa lolote huenda ameokoa ushahidi wa nani alikuwa wapi.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba kuhariri ni kughushi. Ninaliheshimu, kwa kuwa limewahi kuwa kweli. Februari 1982 National Geographic ilisogeza piramidi za Giza zipate kuenea kwenye jalada lake, na lawama zake hazijasahaulika. Lakini picha isiyohaririwa haipo. JPEG inayotoka kwenye kamera imeshapangiwa rangi na weusi na wahandisi ambao hawakumwona mnyama huyo. Jicho nalo, likihama kutoka mgongo hadi tumbo, hujirekebisha papo hapo, ndiyo maana aliyekuwepo aliyaona macho ambayo kamera iliyafunika. Mmarekani Ansel Adams aliitoa upya picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, iliyopigwa 1941, kwa miongo kadhaa, na anga likizidi kuwa jeusi. Watu walimwita bwana wa chumba cha giza. Mpaka ninaoukubali ni huu: kisichokuwa kwenye faili ghafi kisiingie. Ninaongeza wa pili, ambao wengi huupuuza: mchana usipakwe rangi ya jioni. Kivuli kifupi chini ya tumbo kitausema uongo huo kwa yeyote anayelijua jua.

Wapo wanaosema akili mnemba itaifanya kazi hii. Sehemu yake inaifanya tayari, na katika kupunguza chengachenga inaifanya vizuri sana. Ila programu huelekea kuinua kila giza, hata ule weusi wa nyati ambao jua halikuuondoa, na hapo mnyama hugeuka kijivu kana kwamba amepakwa majivu. Wengine hukimbilia picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Kwa tembo ninawaunga mkono, kwani makunyanzi ya ngozi yake yana vivuli vyake yenyewe na jua kali huyachonga vyema. Kwa heroe wa Ziwa Natron sikubali. Uwaridi wao hutokana na chakula wanachokula, na katika jua kali ni wekundu unaofurika kwanza, bawa likawa bapa la rangi moja huku kipimo cha jumla cha mwanga kikionyesha salama. Mhariri atazame kila rangi ya msingi peke yake, aushushe huo wekundu mpaka mipaka ya manyoya irejee, na aiache nyeupe ya magadi iendelee kuumiza macho.