Abiru wa Rwanda: je, walikuwa makuhani?

Kitabu cha mabwana d'Hertefelt na Coupez, La royauté sacrée de l'ancien Rwanda, kilipigwa chapa Tervuren mwaka 1964. Mna ndani yake desturi 17 za kifalme, ambazo abiru, watunza siri wa mwami, walizishika kwa moyo tu, baba akimfundisha mtoto. Mwaka 1947 Padri Alexis Kagame alikuwa amekwisha kuieleza siri hiyo katika gazeti Zaïre. Kumbe padre wa altare nyingine ndiye aliyeifungulia mlango!

Neno «takatifu» katika jina la kitabu lapoteza wasomaji wengi. Husema upesi: abiru ni makuhani, kama Wabrahmani wa India. Mimi sikubali. Mwaka 1674 Shivaji, mwenye jeshi na ngome, alitaka kutawazwa. Wabrahmani wa nchi yake wakasita, wakisema hana ukoo wa Kshatriya, tabaka la wafalme. Ikabidi aitwe Gaga Bhatt, Mbrahmani mwenye elimu wa Banaras. Huyo alikubali ukoo wake, akamvika uzi mtakatifu, akamtawaza Raigad. Huko tabaka la makuhani humpa mfalme tabaka lake.

Abiru hawakuwa tabaka. Kazi yao ilirithiwa katika jamaa fulani, wengine Watutsi, wengine Wahutu, na kila jamaa ilishika sehemu yake. Ukoo wa mwami hawakuupima. Walichoshika ni jina la mrithi, lililowekwa kwao kwa siri mpaka mwami afe. Basi nguvu yao ilikuwa kukumbuka. Mtu wa namna hiyo akiondolewa, maneno yabaki kitabuni, kazi yenyewe imekufa.

Nao waliondolewa. Gashamura, mkubwa wao, wa jamaa ya Batsobe, Wabelgiji walimhamisha Burundi mwaka 1925. Novemba 1931 walimwondoa Yuhi Musinga, wakamweka mwanawe Rudahigwa, bila abiru. Jina la Mutara lilitoka kwa Monsinyori Classe. Hapo sisi mapadre tusipite mbio. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunajua habari za masultani wa medali, waliopokea nguvu yao mkononi mwa Serikali. Lakini huko Nyanza, pamoja na Serikali, alisimama askofu, tena mwami mwenyewe alikuwa hajabatizwa, maana ubatizo wake ni wa 1943. Classe alitaka mema kwa Kanisa, sina shaka. Hata hivyo alishika mahali pa mwiru, asiye na urithi wala siri ya mwiru.

Rudahigwa alikufa Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Siku tatu baadaye, kaburini Mwima, abiru walitangaza jina la Kigeli V Ndahindurwa. Gavana Harroy alikuwapo. Alilisikia pamoja na watu wote. Mwaka 1961 ufalme ulifutwa. Musinga alikuwa amekwisha kufa mwaka 1944 huku kwetu Kongo, Moba, katika uhamisho.